Braketi Iliyosokotwa Kushoto

Mwaka huu, mwezi wa nane, nilimwona ndugu yangu kwenye pikipiki ya mtu.

Msicheke. Ndugu yangu Ndeti alienda Mombasa kutafuta kazi, simu yake ikazimika, na hiyo ndiyo habari yake yote. Hakuna kaburi, hakuna kesi, hakuna hata mtu wa kulaumu. Tuko tu.

Mimi naitwa Nyamai, fundi wa vyuma hapa Sultan Hamud. Watu huniletea nduthi, yaani pikipiki zao, niziongezee urembo na nguvu: keria pana za mizigo, taa za pembeni, vyuma vya kukinga miguu. Vyote hivyo hushikiliwa na braketi, na braketi ya dukani ikikutana na barabara za vumbi za huku haimalizi msimu.

Yangu haivunjiki. Nachukua springi kuukuu ya lori, naipasha moto mpaka iwe nyekundu, naibana kwenye vaisi na kuisokota mara moja kwa spana ndefu. Siungi vipande kwa welding kama wenzangu, maana chuma hukatikia pale kilipoungwa.

Kazi hiyo tuliianza wawili, mimi na Ndeti, nyumbani Migwani, Kitui. Mimi natumia mkono wa kulia, yeye ni mashoto. Kwa hivyo mimi nilisokota kuelekea kulia, yeye kushoto. Pikipiki ikija, mimi nafanya braketi ya upande wa kulia, yeye ya kushoto, zinatazamana vizuri kama milango miwili ya duka.

Tangu apotee, nafanya zote peke yangu, na zote zinaelekea kulia. Wateja hawaoni. Mimi naona kila siku.

Basi Jumamosi moja mwezi huo wa nane, mfanyabiashara mmoja anaitwa Kiragu aliegesha pikipiki mbele ya karakana yangu akaingia duka la jirani kununua maji. Jicho langu likaenda kwenye braketi ya taa yake ya kushoto.

Springi ya lori. Imesokotwa mara moja. Kushoto.

Nilipiga magoti pale vumbini.

"We jamaa, unataka kunifungulia taa mchana hivi?" Kiragu akaniuliza akitoka.

"Hii ulitengenezewa wapi?"

"Makindu, nyuma ya duka la spea karibu na reli."

"Na nani?"

"Sijui, buda. Niliachia mwenye duka, akapelekea fundi wake. Kwani ni mbovu?"

"Hapana. Ni safi sana," nikasema.

Hapo ndipo nilifanya ujinga wangu. Nilimpigia mama.

Lazima mjue, nyumbani sikuwa naenda. Nalala chumba cha nyuma ya karakana, napika chai ya mtu mmoja. Kila nilipofika Migwani, mama alifungua mlango akaangalia nyuma yangu kwanza, kuona kama nimekuja na mwingine. Iliniuma, nikaacha kwenda.

"Mwaitu," nikamwambia, ndivyo tunavyomwita mama kwa Kikamba, "nimeona kazi ya Ndeti. Mpya. Iko Makindu."

Nilimsikia akivuta kiti.

"Ni yeye?"

"Ni mkono wake, mwaitu. Hakuna mwingine anasokota hivyo."

"Basi enda umlete. Kesho ni Jumapili, mkuje nyote. Nakamata yule jogoo."

Nikawasha pikipiki yangu. Njia yote nilikuwa napanga maneno. Nitamtukana kwanza, kisha nimkumbatie. Nikabadilisha: nimkumbatie kwanza, matusi yangoje.

Nyuma ya duka la spea nilikuta mtu mwembamba kwenye ovaroli, ameinamia vaisi, amenipa mgongo. Hata mabega yalikuwa ya ndugu yangu.

"Ndeti!"

Akageuka, akavua miwani ya kazi. Alikuwa mwanamke.

Jina lake Kavata. Alinipa kibao nikae. Nikamwambia nimeona braketi ya pikipiki ya Kiragu, nikamuuliza ni nani alimfundisha.

"Hakuna. Nilinunua nduthi ilikuwa imeanguka, nitoe spea. Kila kitu kilikuwa kimeharibika, lakini braketi, aki hazikuwa hata na ufa. Nikaziangalia wiki nzima, nikaiga."

"Lakini unasokota kushoto."

"Upande mmoja tu. Kwani kwa hiyo pikipiki hukuangalia ile ingine ya kulia?"

Sikuangalia. Mashoto akiwa peke yake angesokota zote kushoto, hilo nalijua kuliko mtu yeyote. Lakini nilitaka sana iwe yeye.

Kavata akavuta braketi mbili kuukuu kutoka chini ya benchi. "Huyo fundi wa kwanza ako na mkono noma, lakini alisokota zote kulia. Sijui alikuwa anawaza nini. Mimi nikasema hii lazima iangalie mwenzake, nikamrekebishia."

Nikazishika. Zote kulia.

Zilikuwa zangu.

Nilikuwa nimesafiri mpaka Makindu kujifuata mwenyewe.

Nilimweleza yote. "Pole, ndugu yangu," akasema, na hilo neno ndilo lilinimaliza. Nikatoka nje nikalia karibu na reli, mtu mzima, bila kujificha.

Simu ikalia. Mama.

"Mko wapi?"

"Mwaitu, si yeye. Kuna fundi aliiga kazi yangu. Nisamehe, nimekupa matumaini ya bure."

"Jogoo nimeshamfunga," akasema.

"Mfungulie tu, mwaitu."

"Kwa nini nimfungulie? Nyamai, mimi nilizaa wawili. Ndeti namngoja kwa sababu sijui ako wapi. Wewe najua uko hapo tu Sultan Hamud, na bado nakungoja. Sasa niambie, ni nani amepotea zaidi?"

Nikajipangusa uso na shati.

"Kuja ukule," akasema, akakata simu.

Nilienda kesho yake. Mama alifungua mlango, akaangalia nyuma yangu kama kawaida. Kisha akanishika uso kwa mikono miwili, akaniangalia mimi.

Ndeti hajapatikana mpaka leo, na sitawadanganya kwamba roho imetulia. Ila nawaambia hivi, ndugu zangu: ukimlilia aliyepotea, chunga usipotee naye. Kama kuna mtu anakungoja mahali, nenda angali anafungua mlango.