Kopo la Nyuma ya Mlango

Wanawake wengine wa mtaa wakimaliza kumenya kosakosa, wale kamba wa mtoni, hutupa maganda. Mama Clémence hakutupa hata moja. Aliyakausha, akayatwanga, akaujaza unga wake kwenye ndoo yenye matundu, na maji yote ya nyumbani yakapita humo. Mwanawe Jephté, aliyesomea kemia, ndiye aliyemweleza kwamba wachimba dhahabu wa huko juu wanamwaga zebaki mtoni, na kwamba unga wa maganda huinasa.

"Basi sumu haijakufa," alisema Mama Clémence. "Imehama tu."

Tangu siku ile aliuogopa ule unga kuliko mto wenyewe. Ukishatumika, aliukausha na kuufungia ndani ya kopo la maziwa nyuma ya mlango, hadi Jephté aje kuuchukua.

Jumamosi aliporudi kutoka sokoni, alimkuta mama mkwe wake, aliyefika Jumatatu kutoka Opala, anakung'uta kopo lile lile juu ya sufuria ya pondu. Akaipiga sufuria teke, majani ya muhogo yakatapakaa uani.

"Mama Jephté, uko na wazimu?" mama mkwe alifoka.

"Mama, hiyo unga iko sumu!"

"Sumu gani? Tangu nilifika niko natia hiyo unga ya kosakosa mu pondu. Na jana, ni wewe mwenyewe uliomba nikuongezee."