Spika Tuliyoiimbia Barabarani Mikumi

Tulikwenda watatu: mimi, mdogo wangu wa tumbo moja, na wifi yangu, dada yake marehemu mume wangu. Dukani tulimkuta muuzaji, kijana ambaye bibi yake tulilima naye mpunga Tindiga. Majina yao ninayo kichwani, hata ya baba zao, ila wameniambia nisiyaandike. Basi.

Tulitoka Kilosa asubuhi kwenda Mikumi kununua spika ya kuchaji, ile ya kubeba mkononi, yenye kipaza sauti chake. Mjukuu wangu alikuwa anaolewa Jumamosi, Tindiga, kwenye uwanja wetu usio na umeme. Kwetu bibi ndiye anayeimba wimbo wa kumtoa bibi harusi ndani, na mimi siku hizi sauti imekuwa ndogo. Kwenye harusi ya dada yake tuliazima spika, ikazimika nikiwa ndiyo kwanza naanza. Yule mtoto akatoka mlangoni hajanisikia. Safari hii nikasema hapana.

"Shikamooni, bibi zangu."

"Marahaba, mume wangu," wifi akamjibu. "Tumefuata mahari yetu. Tupe spika."

"Mke wangu, hata hujakaa unadai!"

Akatuonyesha moja kubwa, ina taa za rangi zinakimbizana. Alipoiwasha duka zima likatetemeka, na mdogo wangu akaanza kukata kiuno pale pale. "Hii hii! Funga twende!"

"Ngoja," nikasema. Mimi ngoma za kikundi chetu nimezinunua tangu msichana. Ngoma ikitoka kuota moto, hata mbovu inalia vizuri. Hatununui hapo. Tunaiacha ikae mbali na moto, halafu tunaipiga wimbo mzima, tena tunapiga wenyewe, siyo muuzaji. Iliyowambwa ngozi vibaya inalegea, inalia kama gunia la pumba. Nikachungulia nyuma ya ile spika, nikaona waya umechomekwa ukutani. Nikajua, moto wake ni huu!

"Mume wangu, chomoa huo waya."

"Bibi, hiyo ina chaji mpaka kesho."

"Basi unaogopa nini? Chomoa, uilete nje."

Nje ni barabara kuu, malori yanapita yanaunguruma. Nikashika kipaza sauti, nikaanza wimbo wenyewe wa kumtoa bibi harusi, wenzangu wakaitikia. Madereva waliokuwa wanakula chipsi wakaja kupiga makofi, mmoja akacheza na sahani mkononi. Jamani, raha! Wimbo haujafika katikati, taa zikaanza kusinzia, sauti ikakwaruza, kimya. Wifi akaiinua, akaitikisa sikioni. Kitu kinagonga ndani.

"Mume wangu, unatuuzia mjamzito!"

Watu walivyocheka! Kijana naye akacheka kwa aibu, akaleta nyingine, nyeusi, haina taa, kimo chake kama ndoo. Mdogo wangu akanuna.

"Hii siyo ya harusi. Hii ya kuuzia dawa ya panya."

"Ndiyo ninayoitaka," nikamwambia. "Wa dawa ya panya anazunguka nayo juani kutwa, kwenye baiskeli, mashimoni, na hainyamazi."

Tukaimba wimbo mzima. Tukakaa tukanywa soda, yenyewe inaendelea kupiga muziki. Nikaweka kiganja mgongoni mwake: vuguvugu, siyo moto. Tukaimba tena. Nikamtuma mdogo wangu ng'ambo ya barabara, nikamwambia apunge kanga akisikia maneno yenyewe, siyo mlio tu. Lori likapita. Likapita lingine. Kanga ikapungwa juu, na wale madereva wakapiga kelele utadhani wao ndio wanaooa.

Jumamosi mjukuu wangu alisimama mlangoni amejifunika, hasogei, maana bibi harusi haruhusiwi kukanyaga nje mpaka bibi yake amwite ndani ya wimbo. Nikaimba. Sauti yangu ndogo ikatoka kubwa, ikafika mpaka kwa wakwe walioketi mwisho kabisa, kwenye majaruba ya mpunga. Nikamwita. Mabega yake yakatikisika, akainua mguu, akatoka.

Sasa mdogo wangu anawaambia watu kuwa ile nyeusi yeye ndiye aliyeichagua. Mimi sikumbuki hivyo hata kidogo. Lakini umri huu nao! Ninyi madereva wa siku ile, na wewe uliyecheza na sahani, mkisoma hapa na mkaona nimekosea, nisahihisheni.