Mgeni Aliyejaza "Mwimbaji"

Nilikuwa na haraka zangu kwenye kaunta ya hoteli moja ndogo mtaa wa Muraqqabat, huku Uarabuni, na mbele yangu mzee mmoja anajaza fomu ya wageni. Kwenye kazi akaandika "mwimbaji". Dada wa mapokezi, Mzanzibari, akakunja uso.

"Sir, bosi atadhani umekuja kuimba klabu bila kibali. Unaimba wapi hasa?"

"Sinagogi. Naongoza sala za Wayahudi kwa kuimba, mwaka wa arobaini sasa."

Dada akamgeukia mlinzi wa mlangoni kwa Kiswahili. "Kumbe muadhini huyu!"

"Muadhini gani, sista? Huyo ni mwalimu wa kwaya," akajibu mlinzi, Mganda mlokole.

Wakabishana weee, mwisho wakamwomba aimbe kidogo wapime. Mzee akafumba macho, akaimba. Dada akavuta mtandio kichwani. Mlinzi akavua kofia. Kila mmoja akamnyooshea mwenzake kidole: "Si nilikwambia!"

Mzee akakatisha wimbo.

"Endelea, sir," wakasema kwa pamoja.

Akacheka mpaka akashika kaunta. "Miaka arobaini, nikiimba, waumini wangu wanatazama saa zao. Hakuna aliyewahi kuniambia niendelee."

Dada akafuta "mwimbaji", akaandika "kiongozi wa sala". Nami, nyuma ya mzee, nikashusha mkono wa shati taratibu nikaifunika saa yangu.