Breki Nono za Abti

Garissa ni tambarare kama chapati, na kwa sababu hiyo kila mtu mjini anaamini kwamba breki ni anasa ya watu wa milimani. Nilipoanza kulalamika kuwa gari langu halisimami vizuri, jirani yangu aliniuliza, kwa huruma ya kweli, kwani nina haraka gani ya kusimama. Hapa mtu ana honi. Mbuzi wa mjini wanaijua honi, punda wa mikokoteni ya maji wanaijua, na ngamia pia anaijua ila anaipuuza.

Gari lenyewe lilikuwa jeupe, la mtumba, dogo kama kabati la nguo, na nililiendesha kila siku ya kazi. Ninaishi upande wa mjini, na ninafundisha Kiswahili katika shule ya sekondari ng'ambo ya mto, Madogo. Ndiyo, Msomali anayefundisha Kiswahili. Wageni wakisikia hucheka kwanza, halafu hunitega kwa ngeli.

Kila asubuhi mama yangu alikaa kando yangu na chupa tatu za chai katikati ya miguu yake. Anauza chai ya maziwa ya ngamia kwa madereva wa malori, na hakuna siku aliyowahi kuchelewa, jambo ambalo walimu wenzangu wangefaa kulichunguza.

Kati ya nyumbani na shuleni kuna mteremko mmoja tu. Ni mfupi, unashuka hadi daraja la Tana, na hapo hapo, katika mteremko pekee wa safari nzima, ndipo penye kizuizi cha askari: pipa lililopakwa rangi, mkeka wa misumari barabarani, na vijana wenye bunduki ambao wametumwa kutoka sehemu zenye mvua. Kwingineko nchini, breki zikikataa, mtu hugonga kitu. Kwetu anaweza asiguse hata kuku na bado akawa na matatizo makubwa zaidi. Mwenye jina kama langu akipita kizuizi bila kusimama, hakuna atakayeuliza habari za mafuta ya breki. Ataingia katika taarifa ya saa moja jioni akiitwa gaidi, na mimi sipendi kusikia Kiswahili changu kikisomwa vibaya.

Kwa hiyo nilikuwa na mbinu. Nilianza kukanyaga breki mapema, mara tatu nne, nikiipampu kama mtu anayejaza upepo kwenye mpira, na gari likasimama pale lilipojisikia kusimama. Mbinu hiyo ilinifaa kwa miezi mingi, nami nikajiona dereva stadi.

Jumanne moja pedali ilizama yote. Nilikanyaga tena, ikazama tena. Gari lilipita kibao cha kusimama, likapita pipa, na likatulia hatua chache tu kabla ya misumari. Afisa wa zamu, kijana wa bara ambaye nilimsalimia kila siku, alikuwa amerudi nyuma hatua mbili na bunduki yake imeinuka. Kwa muda mfupi hakunijua. Nami nilishika usukani nikijaribu kuonekana mtu asiye na hatia, kana kwamba kutokuwa na hatia kuna mkao wake.

Kisha nikamtazama mama. Alikuwa ameinua mikono yote miwili, viganja vimeelekea kioo cha mbele, vidole vimegusa paa. Katika mkono mmoja alikuwa bado ameshika kifuniko cha chupa ya chai. Hakuna aliyemwambia afanye hivyo. Alifanya kama mtu anayekijua kitendo hicho tangu zamani.

"Mwalimu!" Afisa alishusha bunduki na kupumua. "Utaniua na presha, bwana!"

"Ni breki, afande."

"Basi tengeneza. Siku ingine hapa kutakuwa na mtu hakujui."

Alisema kweli, na ukweli wake uliniuma kuliko kama angenitukana. Mama hakushusha mikono mpaka tulipomaliza daraja. Sikumwuliza alijifunza wapi. Katika nyumba zetu kuna miaka ambayo wazazi hawaisemi, na sisi watoto tumelelewa tukijua mahali pa kunyamaza. Alifunika chupa yake, akasema chai itapoa.

Jioni hiyo nilimwendea fundi wangu, mtu wa Meru aliyekuja Garissa kwa miezi mitatu na sasa ana mwaka wa kumi na mbili. Alifungua kofia ya chombo cha mafuta ya breki, akachovya kidole, akakitazama kwa masikitiko.

"Mwalimu, hii gari haitaki makubwa," alisema. "Tubadilishe mafuta, mipira, pedi za mbele na viatu vya breki za nyuma. Disk zichongwe. Basi."

Jibu hilo lilinivunja moyo. Nilikuwa nimeelekezewa bunduki huku mama yangu akiwa ndani, halafu mtu ananiambia dawa yake ni chupa ya mafuta! Nilitaka kitu kizito. Usiku wa kuamkia siku hiyo sikuwa na habari yoyote ya breki, lakini kufikia kesho yake nilikuwa nimetazama video za vijana wa nchi za baridi wakifunga breki kubwa kama sinia, nami nikawa bingwa. Kisha nikafanya kosa la kumweleza abti.

Abti, yaani mjomba kwa Kisomali, ni ndugu wa mama, dalali wa mifugo; naye huniita mimi abti vilevile, kama ilivyo desturi yetu. Hajawahi kumiliki gari, na hilo halijawahi kumzuia kuwa na maoni juu ya magari. Alinisikiliza, akazungusha mswaki mdomoni, akatoa hukumu.

"Abti, gari ni mnyama. Na mnyama hanunuliwi na mwenye shida. Nitakununulia mimi."

Desturi ya soko la mifugo ni hii: mnunuzi mwenyewe hukaa mbali ili hamu yake isionekane, na dalali wake hupatana na muuzaji kwa vidole, mikono imefichwa chini ya shuka, ili watu wasijue bei. Desturi nzuri. Imewalinda babu zetu. Ila babu zetu walikuwa wakinunua ngamia.

Fundi alikatazwa kuja, kwa sababu uso wake, alisema abti, ni uso wa mtu anayehitaji kitu. Mimi niliruhusiwa kwa sharti kwamba nisimame ukutani nikitazama juu kama mtu mwenye magari matatu. Kwa hiyo mtu pekee katika mji mzima aliyejua breki za gari langu alibaki gereji akinywa soda.

Muuzaji wa vipuri vya mtumba alikuwa na seti mbili. Moja ilikuwa ya gari kama langu. Nyingine ilitoka kwa gari la ukoo uleule ila kubwa zaidi, disk zake, zile sahani za chuma, pana, na kaliper zake, makucha yanayozibana, zimetuna. Abti aliinua disk moja, akaipima mkononi, akaipigapiga kaliper kama anavyopiga nundu ya fahali.

"Hii iko nono, wallahi," alitangaza. "Ile ingine ni ya ukame. Hata bure sitaki."

Shuka likafunika mikono. Nililitazama likitikisika kama gunia lenye paka wawili. Abti alikunja uso, muuzaji akaguna, abti akajifanya anaondoka bila kuondoa mkono, na mwishowe wakaachana wakitabasamu. Dua ikasomwa. Tulirudi gereji na breki zilizonona, na nisifiche, nilifurahi kama mtoto wa Idd.

Fundi alizipokea. Alipiga jeki, akafungua breki za zamani, akafunga mpya. Bolti ziliingia zote. Abti akanigonga bega.

"Umeona? Breki hii itasimamisha hata lori!"

Fundi akanyanyua gurudumu ili alirudishe. Halikuingia. Aliligeuza, akalisukuma, akalisogeza upande. Kaliper ilikuwa imejaza nafasi yote, na rimu yangu ndogo ilikuwa kama kofia ya mtoto juu ya kichwa cha mzee.

"Mzee, hizi zinataka rimu kubwa," fundi alisema kwa adabu.

"Basi leta rimu kubwa."

"Rimu kubwa inataka tairi kubwa."

"Leta!"

"Tairi kubwa itasugua bodi."

Abti alifikiri. "Kwani bodi haikatwi?"

Hapo nilielewa kwamba kwa njia hii ningebadilisha kila kitu isipokuwa dereva, ambaye ndiye aliyekuwa na hitilafu. Nilipendekeza turudishe. Abti aliniangalia kana kwamba nimependekeza kula nguruwe. Mikono ilikuwa imeshaachana na dua imeshasomwa. Mnyama aliyeombewa harudi kwa mwenyewe. Mpaka leo hakubali kwamba alikosea. Anasema breki zilikuwa sawa, gari ndilo lililokonda. Disk moja iko nyumbani kwake, amefungia kamba ya beberu wake msumbufu, na lazima niseme ukweli: tangu siku hiyo beberu hajaenda popote.

Pesa yangu iliyobaki ilitosha kabisa kwa yale ambayo fundi alisema tangu mwanzo. Hakunikumbusha, na nikamshukuru kwa hilo, maana mimi ningekumbusha. Mafuta ya zamani yalitoka meusi kama chai ya rangi.

"Hii imeingia maji," alinieleza. "Na joto ya hapa, ukikanyaga sana inachemka. Mvuke hausukumi kitu."

Mipira ilikuwa imevimba na kupasuka. Pedi zilikuwa nyembamba kama biskuti. Alipeleka disk zangu zilizokonda kuchongwa, akafunga pedi nzuri, akabadilisha mipira na viatu vya nyuma. Kisha tukatoa hewa: mimi ndani nikikanyaga, yeye chini akifungua na kufunga nati.

"Kanyaga! Shika hapo! Achilia!"

Abti alikaa juu ya tairi akisimamia, akisema bismillah kila nati ilipofunguliwa, na baadaye aliwaambia watu kuwa alitengeneza gari. Pedali ilipanda kidogo kidogo mpaka ikawa ngumu chini ya mguu wangu. Nililijaribu gari kwenye barabara ya mchanga nyuma ya soko. Lilisimama pale nilipoliambia lisimame. Mbuzi mmoja aliyekuwa akisubiri honi alibaki ameduwaa.

Asubuhi iliyofuata nilishuka mteremko wa Tana kwa majivuno ambayo sikuyaficha. Sikupampu. Niligusa tu. Gari lilipunguza mwendo kwa heshima na kusimama kabla ya kibao, taratibu, bila chai hata kutikisika kwenye chupa. Nilikuwa nimengoja sifa kwa juma zima. Nikageuka kumtazama mama.

Mikono yake ilikuwa juu, yote miwili, vidole vimegusa paa.

"Hooyo, gari limesimama," nilimwambia kwa Kisomali.

"Naona," alinijibu bila kugeuka, macho yake kwa afisa. "Yeye ameona?"

Nilijisikia mpumbavu, na nilijisikia mwenye huzuni, nikiwa na mguu juu ya breki bora kuliko zote nilizowahi kuwa nazo. Afisa alikuwa yuleyule. Alikuja na tabasamu la kunitania, akainama dirishani, akaiona mikono, na tabasamu likamwisha. Aliizungusha bunduki ikakaa mgongoni.

"Habari ya asubuhi, mama," alisema polepole. "Hakuna shida. Shusha mikono."

"Msuri, mtoto yangu," mama alimjibu kwa Kiswahili chake kisicho na z. "Msuri sana."

Mkono mmoja aliushusha ili amwamkie. Mwingine aliuacha juu mpaka tukavuka mto.