Nilivyotangulia Kwenye Harusi ya Watu

Kwetu Bujumbura tunaendesha upande wa kulia, Zanzibar ni kushoto. Basi nilipokodi gari Unguja nikajiona mjanja: nitafuata tu gari la mbele yangu. Pale Mtoni nikajichomeka nyuma ya pikapu lenye matarumbeta. Gari la nyuma likanipigia honi mfululizo. Nikadhani ni salamu, nami nikajibu kwa honi na kupunga mkono hadi Mangapwani.

Pikapu likasimama. Vigelegele! Wanawake wakanifungulia mlango, wakanifukiza udi, nami nimevaa kaptura na kandambili.

"Shikamoo," nikamwambia bibi mmoja.

"Marahaba. Wewe ndiye bwana harusi?"

Nyuma yangu akashuka kijana mwenye joho na kilemba, jasho likimtiririka.

"Bwana harusi miye, bibi! Huyu kaninyima njia tokea Mtoni!"