Mama Ramani na Lugha ya Pili

Askofu alipotangaza kwamba jimbo litafungua chuo kikuu, na kwamba humo kila somo litafundishwa kwa Kifaransa na kwa Kiingereza, Mama Ramani alipiga makofi kanisani kama watu wengine wote. Hakujua kwamba ataitwa yeye.

Alikuwa mwalimu wa historia kwenye sekondari ya serikali ya wasichana. Jina hilo walimpa wanafunzi, maana hakuwahi kuingia darasani bila ramani iliyokunjwa kwapani. Padri aliyeteuliwa kuwa mkuu wa chuo alikuwa mtu mwembamba, mwenye tabia ya kutafuna kifuniko cha kalamu. Alimwita ofisini kwake, akamkaribisha kiti.

"Mwalimu, natafuta mtu wa historia. Kifaransa chako nakijua. Kiingereza je?"

"Kipo, Padri."

Kilikuwepo kweli, lakini kilikuwa cha kuombea maji. Alipotoka nje na kuufunga mlango, akaanza kuhesabu maneno aliyoyajua.

Nyumbani mumewe, fundi majokofu, alikuwa amepiga magoti mbele ya friji la mteja, bisibisi mdomoni. Alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akaitoa ile bisibisi.

"Mama watoto, hebu nielewe. Unaacha kazi ya serikali uende kwenye chuo ambacho hata kibao hakina?"

"Kibao kinachorwa."

"Na utafundisha kwa Kiingereza. Wewe."

"Baba watoto, usinicheke. Nimeshasema ndiyo."

Fundi hakucheka. Ujana wake wote aliutumia kwenye karakana ya watu waliozungumza Kiingereza, na lugha hiyo aliiokota pale pale, katikati ya nyaya na mabomba. Basi kila jioni baada ya chakula, yeye akawa mwalimu na mkewe mwanafunzi. Alikuwa mkali kuliko mtawa. Mama Ramani akikosea neno, fundi anagonga meza kwa kijiko.

Chuo kilianzia kwenye nyumba ya zamani ya watawa. Madarasa yalikuwa mabweni, na alama za miguu ya vitanda bado zilionekana sakafuni. Maktaba iliwekwa kwenye chumba cha kufulia, kwa hiyo vitabu vilinuka sabuni. Wanafunzi walikuwa wachache, na hao wachache wakagawanyika wenyewe: wa Kifaransa upande wa dirishani, wa Kiingereza upande wa ukutani, katikati njia tupu ambayo hakuna aliyeivuka.

Mama Ramani alifundisha akiwa amegeukia dirisha. Hakukusudia. Mwili wenyewe ulielekea kule ambako ulimi ulikuwa mwepesi. Mwisho wa kipindi ndipo anageukia ukutani, anasoma kwa Kiingereza maelezo mafupi aliyoyaandaa, anafunga kitabu haraka kabla mtu hajauliza swali.

Siku moja mwanamke mmoja wa upande wa ukutani alisimama. Alikuwa muuguzi, mtu mzima, aliyeomba ruhusa kazini ili aje kusoma.

"Samahani, Mama. Tuliambiwa lugha mbili. Mbona sisi tunapewa makombo?"

Mama Ramani alifunga kitabu, akaanza kuikunja ramani. Siku hiyo alirudi nyumbani akapeleka kijiko mdomoni mara mbili tu, akasukuma sahani pembeni.

Kisha zikaja habari mbaya zaidi. Wizara ilikuwa imetoa kibali cha muda tu, na wakaguzi walikuwa njiani. Wangeingia madarasani, wasikilize. Wakiona kwamba lugha mbili ni za kwenye kibao tu, chuo kinafungwa na wanafunzi wanarudishwa makwao. Padri akawa anatembea kwenye korido huku anasali, macho wazi, kifuniko cha kalamu kimebaki nusu.

Sista wa maktaba, ambaye lugha zote mbili zilimtoka kama maji, alimvuta Mama Ramani pembeni.

"Mwalimu, siku hiyo wewe jifanye unaumwa kidogo. Mimi nitashika kipindi chako. Nani atajua?"

Lilikuwa wazo tamu. Alitembea nalo mpaka nyumbani. Fundi alipolisikia, akaweka kijiko chini.

"Na wakirudi mwaka ujao utaumwa tena? Mama watoto, utaazima mdomo wa mtu mpaka lini?"

Kesho yake asubuhi alikwenda kwa Padri, akamwambia ukweli wote: kwamba siku ile ya kwanza alijibu kwa haraka kuliko uwezo wake, na kwamba huenda chuo kikafungwa kwa sababu yake.

Padri alikitoa kifuniko cha kalamu mdomoni. "Mimi sina mwalimu mwingine wa historia," alisema. "Nenda kafundishe."

Wakaguzi walikuwa wawili, bwana mmoja aliyekuwa anasinzia na bibi mmoja ambaye hakusinzia hata kidogo. Walikaa nyuma. Mama Ramani alitundika ramani, kona moja ikaanguka, akaiacha. Akageukia ukutani, akaanza kwa Kiingereza.

Mwanzo ulikwenda. Alisimulia jinsi ufalme mmoja wa kale ulivyopanuka, ukatoza ushuru, ukajenga kuta. Alipofika kwenye kuanguka kwake, maneno ya kitabuni yakamtoroka. Yaliyobaki kichwani yalikuwa yale ya mumewe, ya mezani jioni. Basi akasema, kwa Kiingereza safi cha karakana, kwamba ufalme ule ulianza kuvuja gesi kama friji bovu, mafundi wakaziba tundu moja likatoboka lingine, na hatimaye kompresa ikaungua.

Upande wa ukutani wakaangua kicheko. Upande wa dirishani wakaulizana, "Kasema nini? Kasema nini?" Muuguzi akainama kuvuka ile njia ya katikati, akawatafsiria kwa Kifaransa cha kuchechemea, nao wakacheka vibaya zaidi. Mwenye Kifaransa mmoja akamsahihisha, yeye akamrudishia kwa Kiingereza, na ghafla darasa zima likawa linabishana juu ya ule ufalme kwa lugha mbili kwa pamoja. Mama Ramani alisimama katikati, jasho linamtiririka mgongoni, akijibu huku na huku, akikwama, akiuliza, "Hilo mnaliitaje?" na kuambiwa.

Kipindi kilipokwisha, bibi mkaguzi alimfuata.

"Mwalimu, darasa lako liko hai. Kiingereza chako hakitoshi. Nitayaandika yote mawili."

Akayaandika. Kibali kiliongezwa mwaka mmoja, kwa sharti kwamba kila mhadhiri afanye mtihani wa lugha yake ya pili. Padri alishangilia. Mama Ramani aliona aibu hata ya kuvuka uwanja.

Lakini alijiandikisha kwenye darasa la lugha la chuo chenyewe, akakaa benchi moja na wanafunzi wake, muuguzi akiwa jirani yake. Mtihani wa kwanza alianguka. Matokeo yalibandikwa mlangoni, kila mtu akayasoma, na wiki nzima alipita mlango wa nyuma. Fundi aliapa kwamba msahihishaji hajui Kiingereza. Mara ya pili Mama Ramani alifaulu, kwa alama ambazo hakupenda kuzitaja.

Miaka ikafuata, chuo kikakua kwa kasi iliyomtia kiwewe. Kikajengwa kitivo cha uuguzi, kisha cha sheria, vitabu vikahamishwa kutoka chumba cha kufulia, na madarasa yakajaa watu wa kusimama hata ukawa hujui upande wa nani ni upi. Wahadhiri vijana waliokuja, wenye lugha mbili tangu utotoni, walimwamkia kwa heshima na kumwona mtulivu. Hawakujua kwamba kila akiwa na kipindi cha Kiingereza huamka alfajiri kurudia maneno, huuma kipande cha mkate akakiacha, na mumewe humsindikiza hadi mlangoni.

"Leo unafundisha nini?" fundi humuuliza.

"Vita."

"Haya. Nenda."

Naye huenda.