Fundi Aliyesema Sawa

Mtaa mzima ulimwita Fundi Pindo, kwa sababu pindo lake hulioni hata ukilitafuta kwa miwani. Alikuwa mjane wa miaka hamsini kasoro miwili, mwembamba kama uzi wake mwenyewe, mwenye maneno machache yenye pilipili. Chumba cha mbele cha nyumba yake ndicho kilikuwa karakana: cherehani dirishani, meza ya kukatia katikati, pasi juu ya kipande cha kigae, na kiti kimoja karibu na mlango. Vyumba vya nyuma alikaa na baba yake mzazi, aliyekuwa mpiga chapa kabla ya kustaafu, na binti yake wa pekee, muuguzi.

Simu alinunuliwa na huyo binti. Mwanzoni ilikuwa neema tupu. Fundi alitazama mafundi wenzake wa mbali wakikata kola, akajifunza mishono miwili mitatu mipya, na wateja wakaongezeka. Lakini video moja huzaa nyingine kama sungura. Mwaka haujaisha, kola zilikuwa zimekwisha zamani, na Fundi alikuwa anatazama watu asiowajua wakifua mazulia, wakigombana na mawifi zao, wakimenya vitunguu. Alijiambia ni kupumzisha macho tu kati ya mshono na mshono.

Siku moja mwalimu mmoja wa kike alikuja kuchukua gauni lake. Alipolikunjua, pindo la mbele na la nyuma yalikuwa yameshikana, yameshonwa kwa mkono kutoka pembe hadi pembe.

"Fundi," akasema mwalimu, "hili nalivaa au natilia mkaa kama gunia?"

Wakacheka. Mwalimu alipoondoka, Fundi aliketi na lile gauni mapajani. Mshono ulikuwa mzuri kuliko yote aliyoshona mwezi ule. Kazi kama ile ilitaka saa nzima, kichwa kimeinama, pumzi zimetulia. Aliitafuta saa hiyo katika siku zake zote za karibuni, asiione.

Hakumwambia mtu. Ila jioni moja, wanakula, binti aliacha kijiko hewani.

"Mama, kidole chako kinafanya nini?"

"Kidole gani?"

Mkono wake wa kulia ulikuwa umelala mezani, mtupu. Simu ilikuwa chumbani. Kidole gumba kilikuwa kinapanda na kushuka taratibu juu ya kitambaa cha meza, kama kinasukuma kitu juu. Fundi alikifunika kwa mkono wa kushoto. Akakisikia bado kinakwenda chini ya kiganja.

Binti hakumkaripia. Kazini alizoea kuuliza kabla ya kutibu.

"Ukiamka, unashika nini kwanza?"

"Unajua mwenyewe."

"Umewahi kusema dakika tano zikawa saa mbili?"

"Nani hajawahi?"

"Umewahi kuificha?"

Asubuhi ile ile alikuwa ameingia nayo chooni na kufungulia bomba ili sauti isisikike nje, yeye mwenye nyumba, mtu mzima na mvi zake.

"Na ukiikosa, mama?"

"Nawashwa. Si ngozi. Ndani."

"Basi tupime. Wewe si mtu wa vipimo? Kesho kila mkono ukiigusa, piga mstari mmoja wa chaki ukutani. Usijizuie, piga tu."

Fundi alikadiria mistari kumi na mitano. Siku hiyo alijiangalia kwa makini, na kila mstari alioupiga aliukumbuka: kumi na mitatu. Alikuwa hata amejiandaa kujisifu. Jua lilikuwa bado limo chumbani binti aliporudi kazini, mkoba begani. Alisimama mbele ya ukuta, akaanza kuhesabu kwa sauti. Alipopita arobaini Fundi aliinua kichwa. Alipomaliza, ilikuwa mia moja na sita.

"Umenichezea," Fundi akasema.

"Nimeingia sasa hivi, mama. Hata viatu sijavua."

Walisogea wote wawili. Kila mstari uliinamia kushoto na kuishia na kimkia kidogo, vile vile Fundi alivyotia alama kwenye vitambaa tangu ujana wake. Mingine ilikuwa chini kabisa, nyuma ya mguu wa cherehani, mahali ambapo mtu hafiki bila kupiga magoti. Fundi alitazama sketi yake. Magotini palikuwa na vumbi jeupe.

"Tumuulize babu," binti akasema polepole. "Yeye huwa anakaa hapa."

"Babu yako haji tena huku. Ana miezi hajaja."

Mzee alikuwa amesimama kwenye ujia, mkono ukutani. "Nakuja kila siku," akasema. "Saa nane mpaka saa kumi. Nakaa kiti hicho hapo. Tunazungumza."

"Tunazungumza nini, baba?"

"Mimi nazungumza. Wewe unaitikia sawa." Alimtazama bila hasira, na hilo ndilo lililomkata maini. "Wiki iliyopita nilikueleza habari ya mama yako. Lile neno aliloniachia hospitali. Ukasema sawa, baba. Nikadhani umelipokea vizuri."

Mama yake alikuwa na miaka kumi na mmoja kaburini. Fundi alijua kulikuwa na neno, na alijua mzee hakuwahi kulitamka.

"Niambie tena."

"Neno lile lilinichukua miaka yote hiyo kulisema, mwanangu. Sina nguvu ya mara ya pili." Akarudi chumbani kwake.

Siku iliyofuata simu ilikwenda kazini na binti, ndani ya mkoba. Wiki ya kwanza Fundi alijichoma sindano mara nyingi kuliko alipokuwa mwanafunzi. Aliona mwanga wa kioo cha simu kwenye bamba la pasi, kwenye mkasi, akageuka kila mara. Kiti cha mzee alikihamisha kutoka mlangoni akakiweka mbele ya cherehani, na mzee alipokuja saa nane alimsikiliza: habari za mitambo ya chapa, za wino, za bosi aliyekoroma. Ya mama hakuuliza.

Siku ya tisa mzee aliianza mwenyewe.

"Mama yako hakukasirika siku ya harusi yako. Umekaa na donge hilo miaka yote, lakini haikuwa hasira. Hakuja kwa sababu hakuwa na..."

"Viatu," Fundi akasema.

Sauti ilimtoka kabla hajajua ana la kusema. "Aliona aibu kusimama mbele ya wakwe bila viatu. Na wewe, baba, ulimwambia utamnunulia, ukasahau."

Cherehani ilikuwa imesimama. Mzee alimwangalia kinywa, si macho.

"Kumbe ulikuwepo," akasema.

"Sikuwepo, baba," Fundi akajibu, na ilikuwa kweli. Alijipekua akilini, hakuiona siku ile, hakuuona uso wa mzee akisema. Yule aliyekuwa ameketi hapo ndani ya ngozi yake na kuitikia alikuwa amesikia kila kitu, na sasa alikuwa ameufungua mdomo huu huu na kumjibia.

Alishuka kwenye kigoda chake cha kushonea, akaketi sakafuni karibu na miguu ya baba yake, mikono yote miwili juu ya magoti yake mwenyewe, mahali ambapo angeweza kuiona.

"Ilikuwa rangi gani," akauliza, "hivyo viatu alivyovitaka?"

Mzee akafikiri. "Kahawia," akasema. "Vyenye kifungo pembeni."